Kulipia mwongozaji katika milima na makorongo ya Oman: Jebel Shams na Wadi Shab

Mwezi wa Januari nilikaa Muscat wiki tatu kwa shangazi yangu, na katika muda huo nililipia mara mbili huduma ambayo katika matangazo huandikwa kwa maneno yaleyale: matembezi ya siku moja pamoja na mwongozaji, gari la kuwachukua wageni nyumbani, chakula cha mchana na maji ya kunywa. Safari ya kwanza ilikuwa ya ukingoni mwa korongo kubwa la Jebel Shams na ilinigharimu rial 45. Ya pili ilikuwa ya Wadi Shab, karibu na mji mdogo wa Tiwi ulioko pwani, nayo ilinigharimu rial 30. Rial moja ya Oman inazidi dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo hizi si fedha za kutupa. Nimerudi na maoni ambayo sikuyatarajia, kwamba safari ya bei kubwa ndiyo ambayo mtu mwenye afya na gari zuri angeweza kuifanya bila msaada wa mtu, na ya bei ndogo ndiyo ambayo nisingethubutu kuifanya tena bila mwongozaji. Majina ya kampuni nimeyaacha, kwa kuwa waongozaji huhama kutoka kampuni moja hadi nyingine na ninachokipima hapa ni huduma yenyewe.

Jebel Shams ni jabali la jua, kama jina lake linavyosema, na ndio mlima mrefu kuliko yote nchini Oman, wenye kimo cha takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Kilele chake cha kaskazini kina kituo cha kijeshi na raia hawaruhusiwi kukifikia, hivyo wapandaji huishia kile cha kusini, ambacho ni kifupi kwa mita chache tu. Wageni wengi, hata hivyo, hawaendi kileleni. Wanachokifuata ni ukingo wa korongo la Wadi Ghul, ambalo kuta zake zinashuka kiasi cha mita 1,000, na njia wanayoipita ni ile iliyopewa namba W6, inayofahamika zaidi kama njia ya roshani. Jina hilo limeikaa vizuri, maana njia imelala juu ya kidato cha mwamba ubavuni mwa ukuta wa korongo, mfano wa roshani za nyumba za Mji Mkongwe, isipokuwa roshani hii haina nguzo wala mbao za kushikilia.

Tuliahidiwa kuchukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na gari likafika baada ya dakika arobaini bila simu wala radhi. Katika matembezi ya mlimani dakika arobaini si jambo dogo, kwani saa zinazopotea asubuhi hulipwa mchana chini ya jua. Tulikuwa wageni sita. Barabara ya kwenda Nizwa ni pana na nyororo, na baada ya Nizwa tulipita Al Hamra, kisha tukasimama kidogo mdomoni mwa korongo kutazama magofu ya kijiji cha kale cha Ghul, ambacho nyumba zake za mawe zina rangi ileile ya mlima uliozibeba, hata jicho hupita juu yake mara ya kwanza bila kuziona. Kutoka hapo gari likaanza kupanda kwa gia nzito, na kona za barabara hiyo zilitosha kumfanya shangazi afunge macho na kusoma alichokijua.

Njia ya roshani inaanzia katika kitongoji cha Al Khitaym, mahali barabara inapoishia, kwa kimo kinachokaribia mita 2,000. Wanawake na watoto wa kitongoji hicho hukaa pale wakiuza vikuku na vishikio vya funguo vilivyosokotwa kwa sufu, kwa sababu ufumaji ni kazi ya asili ya watu wa upande huo wa mlima, na mazulia yao yenye mistari myekundu na myeusi utayakuta yametandazwa juu ya mawe kando ya barabara. Mbuzi nao wapo, na hao wamekwisha kuelewa kwamba mgeni mwenye mkoba ana mkate ndani yake. Hatukuwa tumetembea mita mia mbili kabla ya mmoja wao kuingiza kichwa kizima katika mfuko wa mwenzetu mmoja na kutoka na ndizi.

Kuhusu njia yenyewe sina ila sifa. Imewekwa alama za mistari mitatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, zilizopakwa juu ya mawe kila baada ya hatua chache, na kwa sehemu kubwa ina upana wa kuwawezesha watu wawili kupishana bila kushikana. Haipandi sana wala haishuki sana. Kwenda na kurudi ni kama saa nne kwa mwendo wa kawaida pamoja na mapumziko. Mkono mmoja una ukuta wa chokaa, mwamba uliokuwa matope ya chini ya bahari zama za kale mno kabla ya ardhi kuuinua hadi huko juu, na mkono wa pili hauna kitu isipokuwa hewa, na chini kabisa uzi mwembamba wa kijani ambao ni mitende ya watu wa bondeni. Mwenye kisunzi asijilazimishe, kwa sababu sehemu zile ambazo njia inakaribia ukingo hazina mahali pa kuzungukia. Miti ni michache lakini ina adabu yake: mzeituni mwitu uliojikunja kwa upepo, na huko juu zaidi mreteni, mti wa baridi ambao sikutarajia kuukuta Uarabuni.

Majina ya miti hiyo sikuyapata kwa mwongozaji wetu. Alikuwa kijana mpole, mwenye miguu miepesi na viatu vizuri, lakini alitembea mbele kwa hatua thelathini akiwa na vipokea sauti masikioni, na nilipomkimbilia kumuuliza ule mti uliojikunja unaitwaje akanijibu kwamba ni mti wa mlimani. Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja wa Al Khitaym aliyekuwa akiwarudisha mbuzi wake, ambaye shangazi alimsalimia kwa Kiarabu chake cha miaka arobaini ya Muscat. Mzee huyo alifuatana nasi kipande kirefu cha njia, akatuonyesha mashimo mwambani ambamo wachungaji hulala wakati wa mvua, na akatueleza kwamba wazee wake walilima ngano na vitunguu katika matuta ya kijiji tulichokuwa tukikiendea, wakibeba kila kitu mgongoni au kwa punda kupitia njia ileile tuliyokuwa tukiipiga picha.

Kijiji hicho kinaitwa As Sab na hakikaliwi tena. Nyumba zake zimejengwa chini ya mwamba mkubwa uliotokeza kama paa, kiasi kwamba mjenzi alihitaji kuinua kuta tu na mlima ukamalizia kazi iliyobaki. Matuta ya mashamba yapo bado, yameshuka ngazi kwa ngazi hadi mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kudhani kwamba kuna mkulima aliyewahi kusimama na jembe, na juu ya nyumba, kwa anayekubali kupanda kidogo, kuna kidimbwi cha maji yanayotona kutoka katika mwamba. Nilikaa pale karibu saa nzima. Mwongozaji alitupa chakula cha mchana, yaani mkate wa baridi wenye jibini na tufaha moja, na chupa moja ya maji ya nusu lita kwa kila mtu kwa siku nzima. Hili la maji ni kosa ambalo silisamehi. Hata mwezi wa Januari hewa ya huko juu ni kavu mno, jua la kurudia lilitupiga usoni, na kama shangazi hangekuwa na tabia yake ya kubeba chupa kubwa ya maji na kopo la tende kila aendako, mmoja wetu angerudi akiwa amebebwa.

Kwa rial 45, basi, nilinunua usafiri. Mwenye leseni ya udereva na uzoefu wa barabara za mlima anaweza kukodi gari linalovuta magurudumu yote manne, akagawana gharama na wenzake watatu, akafika Al Khitaym mapema kuliko sisi na akafuata alama za rangi bila kupotea. Mwongozaji katika njia hii anastahili ujira wake kwa mambo mawili tu: ama awe na simulizi na elimu ya mahali, ama awe amekuja kumpandisha mgeni sehemu zile ngumu zilizo juu ya As Sab, ambako kuna nyaya za chuma zilizofungwa mwambani na ambako bila mshipi, kamba na mtu anayejua kuzitumia hapafai kukaribiwa.

Safari ya pili ilikuwa kinyume cha hiyo karibu katika kila jambo. Mwongozaji alikuwa mtu mzima wa makamo, Mwomani ambaye mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kimjini kuliko changu. Alitupigia simu siku mbili kabla ya safari na maswali yake ya kwanza hayakuhusu malipo. Alitaka kujua nani anajua kuogelea na nani hajui, nani ana matatizo ya goti, na kama tuna viatu vinavyokubali kulowa. Aliwaeleza wanawake, bila haya wala mahubiri, kwamba wavae suruali nyepesi na shati refu la kitambaa kinachokauka upesi, kwa sababu njia inapita katikati ya mashamba ya watu na baadaye inaingia majini, na mavazi ya ufukweni hayapendezi mahali pale. Usiku wa kuamkia safari akapiga tena.

"Shikamoo shangazi," alimwambia mwenyeji wangu, "kesho hatutakwenda. Kuna mawingu milimani."

Muscat kulikuwa kweupe, mbalamwezi imetulia, na mimi nilikasirika kimoyomoyo. Alipotufafanulia sababu hasira ziliniisha. Wadi ni bonde la mto ambao siku nyingi za mwaka hauna maji, au una madimbwi tu, na milima inayolilisha ni mwamba mtupu usio na udongo wala majani ya kunyonya mvua. Mvua ikinyesha huko juu, maji yote huteremka kwa pamoja na kubanwa katika korongo, na yanaweza kumkuta mtu aliye kilomita nyingi chini yake, chini ya mbingu isiyo na hata wingu moja. Hili si jambo la kutishia watoto. Katika mafuriko ya Aprili 2024 nchi hiyo ilipoteza watu kadhaa, wakiwamo wanafunzi waliokuwa garini, na sheria za Oman humwadhibu dereva anayevuka wadi kwa makusudi wakati maji yanapita. Ninakumbuka pia kwamba miaka michache iliyopita, nikiwa na kundi jingine na kampuni nyingine, tuliingizwa katika korongo siku yenye mawingu kwa sababu tu wageni walikuwa wamekwisha kulipa. Tulitoka salama, nami nikadhani ile ndiyo kawaida.

Tukaenda baada ya siku mbili, siku ya Jumanne, kwa makusudi, kwani mapumziko ya wiki nchini humo ni Ijumaa na Jumamosi na siku hizo Wadi Shab hujaa watu kama Forodhani usiku wa Idi. Kutoka Muscat ni mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya pwani inayokwenda Sur, mji wa majahazi ambao mabaharia wake walikuwa wakishuka Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Gari husimama chini ya daraja la barabara kuu, na hapo abiria huvushwa kwa boti ndogo hadi ng'ambo kwa rial moja ya kwenda na kurudi. Mwongozaji alikuwa amekwisha kuilipia. Katika safari ile ya kwanza ningeambiwa kwamba haimo katika bei.

Sehemu ya mwanzo ni matembezi ya kiasi cha dakika arobaini na tano hadi saa moja. Njia inapita kando ya mitende na migomba, halafu inapanda juu ya mawe makubwa yaliyoteleza kwa nyayo za watu, na kwa kitambo kirefu inafuatana na mfereji mwembamba wa kumwagilia mashamba, ule ambao Waomani huuita falaj. Mitano kati ya mifereji ya namna hiyo nchini humo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na ingawa huu si mmojawapo, mwongozaji wetu alisimama kutuonyesha jinsi mkulima anavyoziba kwa jiwe na kitambaa na kufungua kwa zamu, kila shamba kwa muda wake uliokubaliwa na wenye maji. Alitukataza kukanyaga kingo za mfereji. Alitoa salamu kwa kila mzee aliyekuwa akifanya kazi na kungoja ajibiwe kabla ya kuendelea, jambo lililotuchelewesha, na ambalo bila shaka ndilo lililofanya mmoja wao atuitie kahawa wakati wa kurudi.

Kisha njia inaishia majini. Kuna madimbwi matatu yanayofuatana, mengine ya kutembea maji yakiwa kifuani na mengine ya kuogelea hasa, rangi yake ya kijani iliyochanganyika na samawati. Hapa ndipo nilipoielewa thamani ya rial 30. Alikuwa na jaketi la kuelea kwa kila mtu, alilifunga mwenyewe na kulivuta mabegani kuhakikisha, akaweka simu na funguo zetu katika mfuko usiopenya maji, na akapanga mwendo ili anayejua kuogelea kuliko wengine awe nyuma na yeye mwenyewe awe kando ya yule mwenye woga. Mwisho wa dimbwi la tatu kuna ufa katika mwamba, mwembamba kiasi kwamba kichwa tu ndicho kinachopita juu ya maji, na uso lazima uelekezwe juu ili pua ipate hewa. Unaufuata kwa mita chache, mabega yakigusa mwamba huku na huku, na ghafla unatokea katika pango lenye maporomoko ya maji, ambalo mwanga wake unaingia kutoka juu na kulifanya dimbwi zima ling'ae. Kamba inayoning'inia kando ya maporomoko huwavuta vijana wanaotaka kupanda na kujirusha. Mwongozaji aliishika, akaivuta mara mbili, akatikisa kichwa na kutuambia kwamba leo hakuna anayeipanda. Hakutoa sababu ndefu, nasi hatukuihitaji.

Shangazi, ambaye ana miaka sitini na minne, alibaki katika dimbwi la kwanza, akaketi ndani ya maji mpaka kiunoni na jaketi lake la rangi ya chungwa, akila tende. Msaidizi wa mwongozaji alibaki naye. Kampuni ya kwanza ingemwacha garini.

Sitaki kusema kwamba safari hii haikuwa na dosari. Chakula kilikuwa wali wa kuku uliopoa, gari lilikuwa la zamani na kiyoyozi chake kilinguruma kuliko kupoza, na risiti niliipata baada ya kuiomba mara tatu. Kofia ngumu hazikuwapo, ilhali katika korongo lenye kuta ndefu namna ile jiwe dogo likidondoshwa na mbuzi si dogo tena linapofika chini. Nilimwambia hivyo na alikubali.

Kwa anayetaka kulipia matembezi ya aina hii, msimu mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Aprili, maana miezi ya kiangazi joto la tambarare linapita nyuzi 40 na ni hatari tupu. Kabla ya kutoa fedha ningemuuliza mwenye kampuni kama mwongozaji ana leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii, kundi ni la watu wangapi, kila mmoja atapewa lita ngapi za maji, na, hili kuliko yote, nini kitatokea kwa malipo yangu endapo kutakuwa na mawingu. Anayejibu kwamba huko hakunyeshi kamwe, huyo nitamkatia simu. Namba ya dharura ya polisi nchini Oman ni 9999, lakini ndani ya makorongo mtandao wa simu hupotea kabisa, kwa hiyo familia iliyobaki nyumbani inapaswa kujua mmekwenda wapi na mnatarajiwa kurudi saa ngapi.

Mlima mwingine, Jebel Akhdar, sikuukosa, ila sina mengi ya kusema juu yake katika tathmini hii, kwa kuwa tulikwenda na gari la binamu yangu bila kulipia mtu. Pale Birkat al Mouz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa bila majadiliano. Huko juu, vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah vimeunganishwa na njia fupi inayopita juu ya matuta ya mikomamanga na mawaridi, na mtu mzima mwenye fimbo anaweza kuitembea polepole asubuhi nzima. Januari mawaridi yalikuwa matawi makavu tu. Huchanua kati ya mwishoni mwa Machi na Mei, wakati ambapo wenyeji huyachuma alfajiri na kuyapika kwa moto kupata marashi. Shangazi amekwisha kumpigia simu yule mwongozaji wa Wadi Shab kumuuliza kuhusu wiki ya pili ya Aprili, na amejibiwa kwamba huko hahitaji mwongozaji, atalipa ya gari na mafuta tu.